Redio ya gari ikilia kama mbu, usikimbilie dukani!

Wiki hii tunaingia ndani ya gari. Najua wengi wetu gari lenyewe hatuna, tunadandia ya washikaji au tunabanana kwenye daladala, lakini masikio si tunayo? Basi kero hii unaijua. Mshikaji kavuta Toyota yake ya kwanza, mtumba kutoka Japani, na kabla hata hajabadili matairi yaliyokwisha kakimbilia kufunga mziki. Redio mpya yenye kioo kama televisheni, spika nne, sabufa kwenye buti, na vitaa vya bluu utadhani disko. Anakupakia ili akutambie. Anawasha gari, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa unasikia nyiiiiii! Akikanyaga mafuta mlio unapanda, akiachia unashuka. Yeye anaongeza sauti aufunike, na kweli unafunikwa, mpaka wimbo uishe.

Kesho yake mshikaji anatangaza kwamba kauziwa redio feki. Anarudi dukani kugombana na muuzaji, ananunua nyingine ya bei mbaya zaidi, anafunga, na nyiiiiii ipo palepale inamsubiri. Mimi nasema hivi: mara nyingi redio wala haina kosa. Kosa liko kwenye waya, na hasa ule waya mweusi ambao hakuna mtu anayeusifia.

Nimeyajuaje haya, mimi dada wa watu mnayezoea kunisoma nikiandika habari za mishono na wapenzi wakorofi? Mjomba wangu ni fundi redio za magari, ana kibanda chake Ilala. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2018 na matokeo yakaja yale ya "Mungu ana makusudi yake", mama akaona bora nikakae kwa mjomba niandike majina ya wateja na kupokea hela kuliko kushinda nyumbani na tamthilia. Nikakaa karibu miaka mitatu. Mpaka leo Ijumaa nikikosa cha kuandika nakwenda pale, nakaa kwenye benchi, nashika tochi.

Tuanze na huo mbu. Umeme wa gari unatoka kwenye betri kwa waya wa chanya, unafanya kazi yake, halafu unarudi betri kwa kupita kwenye bati la gari lenyewe. Huko kurudi ndiko mafundi wanakoita ethi. Gari likiwaka, kazi ya kuzalisha umeme inashikwa na alteneta. Sasa alteneta inazalisha umeme wa mawimbi, daiodi zilizomo ndani yake zinaunyoosha, lakini haunyooki wote, unabaki na vijimawimbi kiaina. Injini ikizunguka haraka na vijimawimbi vinakimbia haraka, ndiyo maana mlio unapanda ukikanyaga mafuta. Vijimawimbi hivyo vimo kwenye kila gari, hata la waziri. Cha kujiuliza ni vimepitia wapi mpaka vikafika kwenye spika.

Jibu la mjomba karibu siku zote ni lilelile. Fundi wa kwanza kafunga ethi ya redio huku mbele kwenye dashibodi, ethi ya amplifaya kaifunga nyuma kwenye skrubu ya kiti, na ile skrubu imekaa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, jamani! Na sisi wa mwambao tuna zawadi nyingine, kutu ya hewa ya chumvi. Basi ethi ya mbele na ethi ya nyuma zinakuwa hazilingani, tofauti ndogo tu, na tofauti hiyo inapita kwenye zile waya za sauti zinazotoka redio kwenda amplifaya. Amplifaya haijui kuchagua. Inakuza kelele kwa moyo wote kama inavyokuza mziki.

Dawa yake haina mbwembwe. Mjomba anatafuta sehemu ya bati zito la bodi, anasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae kama kijiko kipya, anafunga kwa bolti na nati, waya mfupi usiozidi nusu mita, unene wake sawa na ule wa chanya, halafu anapaka grisi juu kuzuia kutu. Waya mnene wa umeme kutoka betri anaupitisha upande mmoja wa gari, waya za sauti upande mwingine, visilale kitanda kimoja. Na karibu kabisa na betri anaweka fyuzi. Hiyo fyuzi haihusiani na mbu, ni ya kukuokoa waya ukichubuka ukagusa bati, maana bila fyuzi gari linaweza kuteketea mchana kweupe nawe umesimama unaangalia.

Lakini kabla ya kufungua chochote, mjomba huwa anaisikiliza kwanza redio kama daktari. Punguza sauti mpaka sifuri. Mlio umebaki vilevile? Basi unaingilia baada ya redio, huko kwenye waya za sauti au amplifaya. Mlio umepungua pamoja na sauti? Basi unaingilia kabla, yaani kwenye redio yenyewe au kwenye kile unachopigia mziki. Kama una amplifaya, zima, chomoa zile waya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe, halafu washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya haina hatia. Na kama simu yako imechomekwa kwenye chaja ya kwenye tundu la kiberiti, huku waya wake wa sauti umeingia kwenye redio, chomoa chaja hiyo kwanza. Nimeona kaka mmoja mwenye tai kafungua dashibodi nzima, nati zimejaa kwenye viti, kumbe mbu wake alikuwa kwenye chaja ya barabarani. Angetumia bluetooth asingesikia kitu, kwa sababu hapo hakuna waya wa kupitishia kelele.

Chaja hizo, pamoja na taa za LED za bei chee, zina uchawi mwingine. Zinaweza kuua mawimbi ya FM. Ukiwasha taa kituo kinapotea, ukizima kinarudi. Halafu unalaumu antena.

Kuna wale ambao hawana mlio, ila besi imepotea. Spika kubwa, hela imetoka, lakini mziki mwembamba kama uji wa mgonjwa. Hapo mara nyingi spika moja imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Moja inapiga hewa kwenda mbele, mwenzake anaivuta kurudi nyuma, besi inakufa katikati yao. Mjomba anachukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, anagusisha kwenye waya za spika mara moja tu, tap! Kama chanya imekaa kwenye chanya, karatasi ya spika inaruka kutoka nje. Ikiingia ndani, geuza waya. Kazi ya dakika mbili, na mteja anaondoka anacheka peke yake.

Redio inayosahau saa na vituo kila ukizima gari nayo haijalogwa. Kwenye redio nyingi za kununua dukani, waya wa njano unatakiwa upate umeme muda wote, na mwekundu upate pale tu ufunguo unapowashwa. Ukivigeuza, redio inapoteza kumbukumbu kila jioni kama mlevi. Na tafadhali, waya hasi wa spika usiufunge kwenye bati la gari kwa kuona umeokoa waya. Redio za siku hizi hazikutengenezwa hivyo, utaiunguza.

Halafu kuna uongo wa kwenye boksi. Limeandikwa wati 50 mara 4, sawa? Wati 200. Haya, geuza redio uangalie nyuma, fyuzi yake imeandikwa ngapi. Ikiwa ni ya ampea 10, na gari likiwaka linatoa kama volti 14, basi kumi mara kumi na nne ni 140. Hiyo ndiyo yote inayoweza kuingia kwa raha zake, na katika hiyo nyingine inapotea kwa joto. Sasa wati 200 zitoke wapi? Hesabu ya darasa la saba hiyo. Kijana anaamini boksi, anafungulia mpaka mwisho, sauti inaanza kupasuka, na vile vispika vidogo vya juu vinaungua kimoja kimoja. Mwenye bahati redio yake inajizima yenyewe kujiokoa, halafu anasema ni feki!

Na wale wenye gari zilizokuja na redio yake kutoka Japani, msihangaike. Wajapani kwa miaka mingi FM yao ilikuwa inaanzia megahezi 76 mpaka 90, sisi ya kwetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Zinakutana hapo mwanzoni tu. Kile kiboksi kidogo wanachochomeka kati ya antena na redio kazi yake ni kushusha vituo vyetu viingie kwenye mlango wa Kijapani. Kama kinashusha megahezi 20, kituo cha 98 utakikuta 78. Kinasaidia, ila kinaleta mikwaruzo yake na vituo vyote haviingii. Ukiwa na uwezo, hapo kweli badili redio.

Kilichonifanya niandike yote haya lakini ni Coaster moja. Kisa cha mwaka jana.

Dereva wake ni kaka wa mtaani kwetu Mbagala, mpole, wa kusalimia mpaka watoto. Aliliingiza gari pale Ilala Alhamisi mchana, akanikuta mimi nje. "Mdogo wangu, mwambie mjomba wako anitafutie redio nyingine ya bei poa. Hii inapiga kelele mpaka abiria wananitukana." Mnajua daladala za sasa, wanafunzi na vijana wanachagua gari kwa mziki. Gari bubu linaondoka na viti wazi.

Mjomba akaingia chini ya kiti na msasa wake. Kaka akakaa na mimi kwenye benchi, akaanza kunihadithia kitu kingine kabisa, kama mtu anayeongea ili asilie. Tangu mwanzo wa mwaka gari limeua betri mbili mpya. Bosi wake, mama mmoja mwenye Coaster mbili, ya kwanza alinyamaza. Ya pili akamwambia betri mpya haifi kwa miezi minne, wewe umeuza nzima ukaniwekea mbovu. Akampandishia hesabu ya kila siku mpaka hela ya betri itimie. Kaka alikuwa anatoka saa kumi alfajiri, anarudi usiku, anampa mama hesabu yake, anampa konda wake, yeye anabaki na hela ya unga. Sasa betri ya tatu nayo ilikuwa imeanza kuchoka, asubuhi wanasukuma gari na abiria wanatazama. Mama kasema Jumamosi alete ufunguo, na akishauleta ajue jina lake litafika kwa kila mwenye gari. Dereva akishaitwa mwizi wa betri, jamani, anabaki deiwaka maisha yake yote.

"Inakufa ipi?" Sauti ya mjomba ikatoka chini ya kiti. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Ipi vipi, mzee?"

"Betri ziko mbili. Inakufa ipi?"

Kaka akafikiri. "Ya kushoto. Zote zilikuwa za kushoto."

Mjomba akatoka, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Mlio alikuwa keshaumaliza, ilikuwa ileile ethi juu ya rangi. Kaka kwa furaha akaingiza mkono mfukoni alipe aondoke. Mjomba akamwambia kaa hapo, akaenda kufungua sanduku la betri.

Wasomaji, gari dogo linatumia volti 12. Coaster ya dizeli kama ile inatumia 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Redio na amplifaya za dukani ni za volti 12. Njia ya halali ni kuweka kibadilishi cha kushusha 24 iwe 12. Fundi wa kwanza, ambaye simjui, alikuwa kaona njia ya mkato, kachukua umeme wa redio kwenye betri moja tu, ya kushoto. Mziki ukapiga, akalipwa, akaenda zake.

Mjomba akawasha gari, akashika mita. Betri zote mbili kwa pamoja, volti 28.1, safi kabisa, alteneta nzima. Ya kushoto peke yake, 12.8. Ya kulia, 15.3. Akanionyesha mimi, akamwonyesha kaka, halafu akasema maneno matatu, "Mpigie bosi wako."

Mama alifika kesho yake kwa bajaji, kitenge kizuri, uso umefungwa. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba. Huyo mwizi wangu yuko wapi?" Kaka alikuwa kasimama nyuma ya gari, hakujibu kitu.

Mjomba hakubishana naye. Alimpa zile ncha mbili za mita azishike mwenyewe. "Soma mama, mimi macho yangu mabovu." Mama akasoma kushoto, akasoma kulia. Akasema mita yenyewe mbovu. Mjomba akageuza, akapima gari la mteja mwingine, 14.1. Mama akanyamaza kidogo. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Akainama kwenye ile betri ya kushoto na pindo la kitenge chake, akaanza kufuta vumbi ubavuni.

Kumbe betri ya tatu alipoinunua aliikwaruza herufi zake kwa msumari, kwa siri, ili amkamate kaka wa watu. Herufi zilikuwepo. Palepale alipoziandika. Betri yake, nzima ya dukani, haijabadilishwa, na inakufa.

"Sasa inakufaje kama hakuna aliyeigusa?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama, una watoto wawili," mjomba akamwambia. "Unawapakulia ubwabwa sawa kwa sawa, kijiko kwa kijiko. Halafu mmoja tu ndiye unayemtuma kisimani, asubuhi mpaka usiku. Nani atakonda? Na yule mwingine anayekula bila kutumwa, atavimbiwa." Akafungua vifuniko vya betri ya kulia akamwonyesha, maji yalikuwa yamekauka mpaka sahani zinaonekana. Na ya kulia nayo ilikuwa njiani kufa, ila ilikuwa bado haijapata nafasi.

Ikaja habari ya hela. Mama alitaka kibadilishi cha bei ndogo, cha ampea 10. Mjomba akamwambia hicho kitalisha redio peke yake, amplifaya ikigonga besi kitajizima, na vingine vya bei hiyo vina mlio wao wenyewe, tutarudi kulekule. Wakavutana nusu saa nzima, mama akitaja ada za shule, mjomba akitaja bei ya betri tatu. Mwishowe akalipa cha ampea 30. Betri zote mbili zikawekwa kwenye chaja kila moja peke yake, siku mbili, gari limelala na hesabu imelala nayo. Ya kushoto ilizinduka. Mpaka leo ndiyo ipo, na herufi zake.

Ufunguo kaka hakuurudisha. Kuanzia Jumatatu ile hesabu ikarudi kuwa ya kawaida. Neno la "samahani" sikulisikia, labda walimalizana huko nyumbani kwa mama, sijui. Kwa ile hela ya betri ya pili aliyokwishamkata, mama alisema "tutaona".

Wiki iliyopita nililipanda lile gari nikienda Kariakoo, nikakaa siti ya mbele kabisa. Mziki ulikuwa safi ile mbaya, taarabu ya zamani, mpaka kila kamba ya gitaa unaihesabu. Nikamuuliza konda, vipi ile hela ya kaka, mama ameshaona? Akacheka, akagonga bati mara mbili, akaita abiria wa Kariakoo.